Bei ya Maji ya Bomba

Mchukuzi yule alileta sahani yake kaunta mwenyewe, kama wafanyavyo watu wasiopenda kusumbua wenzao. Alikuwa mtu mzima, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na begani ana gunia lililokunjwa la kutulizia mizigo. Pilipili ilikuwa bado inamchoma. Alikuwa anavuta hewa kwa meno.

"Mama, naomba maji."

Bibi alikuwa peke yake kaunta. Mwanawe, mwenye mgahawa, alikuwa amekwenda sokoni. Wateja walimwita Meneja kwa utani, kwa sababu ndiye meneja, ndiye mhudumu na ndiye mfagiaji. Mkewe, ambaye hao hao walimwita Shemeji, alikuwa jikoni anagombana na moto. Bibi akachukua glasi kwenye sinia, akafungua bomba lililokuwa ukutani nyuma yake, akaijaza na kuiweka mbele ya yule mtu. Mkono ulipoiachia tu, akakumbuka.

"Siku hizi yanauzwa, baba. Sarafu moja."

Mchukuzi alikuwa ameshaishika glasi. Akajipapasa mfuko mmoja. Ule wa pili hakuugusa, maana alijua haukuwa na kitu. Hela alizokuwa nazo alikuwa ameshazilipa kwa wali na maharage.

"Samahani, mama," alisema. "Sikujua."

Akaisogeza glasi kwa vidole viwili mpaka ikawa upande wa Bibi, akainamisha kichwa, akatoka. Bibi alifungua kinywa kumwita, lakini neno lilichelewa. Alipoinuka na magoti yake mabovu na kufika mlangoni, yule mtu alikuwa ameshavuka barabara na kupotea kati ya malori ya mbao.

Alirudi akaikuta glasi imejaa, juu ya kaunta. Hakuweza kuyamwaga yale maji, wala kuyanywa. Mwishowe aliyamimina kwenye sufuria ya kuloweka maharage, na hata hapo aliona kama ameiba. Kumnyima mtu maji ni jambo baya, lakini lililomkaa moyoni zaidi ni kwamba aliyenyimwa ndiye aliyeomba radhi.

Biashara ya maji ilikuwa imeanza karibuni, na haikuanza kwa roho mbaya. Bili ilikuwa imepanda kuliko kodi ya nyumba. Watu wa kwenye malori waliingia kujaza chupa bila kununua hata kikombe cha chai; mmoja alikutwa anaosha miguu. "Sisi tunauza wali, tunagawa mto," Shemeji alisema, akamwekea mumewe bili juu ya godoro ili asiweze kulala bila kuisogeza. Kesho yake wakaanza kutoza. Hawakubandika tangazo. Shemeji alikuwa na jicho lake: mgeni alitozwa, jirani alisamehewa, na yule wa katikati aliangaliwa viatu.

*

Jioni ile Bibi alipiga magoti chumbani mwake, kilichopakana ukuta na jiko, akaanza sala yake ya kila siku. Alifika pale anapomshukuru Mungu kwa riziki ya siku, akakwama. Akarudi mwanzo. Akakwama palepale. Akasimama, akaenda ukumbini ambako mwanawe alikuwa anapandisha viti juu ya meza.

"Baba, hivi maji ya bomba kuyauza kunaruhusiwa?"

"Mama, kila mtu anauza."

"Sikuuliza kila mtu."

Shemeji alichungulia kutoka jikoni, ana sufuria mkononi. "Mama, bomba linaleta maji, na maji yanaleta bili. Kwani bili nayo inaruhusiwa?"

"Mimi nauliza tu, mwanangu. Nataka kusali."

Meneja alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Ingekuwa hairuhusiwi, ofisi ingeshatuambia."

"Kwa hiyo ofisi ndiyo inayojua."

"Ndiyo, mama. Ofisi ndiyo inayojua. Kalale."

Alilisema hilo ili mazungumzo yaishe. Hakujua kwamba kwa mama yake, mtu akikuambia jambo linajulikana mahali fulani, amekuelekeza njia.

*

Ofisi ya leseni ilikuwa na madirisha matatu na foleni moja. Bibi alivaa viatu vyake vizuri, vile alivyonunuliwa na mwanawe, akasubiri kwa utulivu mpaka karani akamwita.

"Malalamiko gani, mama?"

"Sina malalamiko, mwanangu. Nina swali."

"Hapa hakuna dirisha la maswali. Kuna la malipo, la leseni na hili la malalamiko."

"Sasa swali langu likae wapi?"

Karani alimtazama, akaona uso mpole wa mtu asiye na haraka. Nyuma yake foleni ilikuwa inakohoa. "Tutaliweka hapa hapa. Sema."

"Mgahawa ukimtoza mtu kwa glasi ya maji ya bomba, inaruhusiwa?"

"Mgahawa upi?"

Bibi alimwelekeza vizuri, kama anavyoelekezwa mgeni asije akapotea: mkabala na yadi ya mbao, mlango wa kijani, ukiona meza tano umefika.

"Wanatoza kweli?"

"Wanatoza."

"Mwenye mgahawa unamfahamu?"

"Ni mwanangu. Nimemzaa mwenyewe."

Hilo karani hakuliandika, kwa kuwa halikuwa na nafasi yake. Alipiga mhuri. "Nenda nyumbani, mama. Mtaletewa majibu."

Bibi alimshukuru na kumwombea heri, akarudi kwa miguu. Njiani alijisikia mwepesi. Alifurahi hasa kwamba yule kijana alisema mtaletewa, wote, si yeye peke yake.

*

Majibu yaliletwa wakati wa chakula cha mchana. Mjumbe wa ofisi alisimama katikati ya ukumbi akamsainisha Meneja juu ya bega la mteja, kwa sababu meza zote zilikuwa na sahani. Meneja alisoma kwa macho, kisha akasoma tena, midomo ikitembea.

"Vipi, Meneja, umeshinda bahati nasibu?" aliuliza Randa, seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyekula hapo kila siku na kuikosoa kila meza isiyotoka mkononi mwake.

"Tumeshtakiwa," Meneja alisema. "Kwa habari ya maji. Leseni ilikuwa inasubiri kuhuishwa. Wameizuia mpaka shauri lisikilizwe. Tukionekana na hatia, tunafunga."

Shemeji alitoka jikoni akajipangusa mikono kwenye aproni. Akaichukua karatasi, akaisoma, kisha akautazama ukumbi mzima, meza baada ya meza. Wateja wakainama kwenye sahani zao.

"Kuna mtu humu ametuchoma," alisema. "Anakula chakula changu na kunichoma."

"Usiniangalie mimi, Shemeji," Randa alisema. "Mimi maji yenu siyanywi, yana ladha ya bomba."

"Wewe ndiye uliyesema juzi kwamba tunauza mvua."

"Nilitania."

"Utani wako umepigwa mhuri."

Randa aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii uso ulimshuka. Huenda angeinuka aondoke na asirudi tena, kama si Bibi aliyekuwa amekaa kona ya kaunta, anachambua maharage. Alikuwa ameinyooshea karatasi shingo.

"Ndiyo majibu yangu hayo?" aliuliza.

Hakuna aliyeelewa upesi. Kisha akaelewa Meneja, na baada yake mkewe, na baada yao ukumbi wote. Mtu mmoja alianza kukohoa, akajizuia.

"Mama," Meneja alisema polepole, "ulikwenda wapi?"

"Ofisini. Ulisema ndiyo inayojua."

*

Waligombana kwenye ukumbi mtupu, viti vikiwa juu ya meza.

"Sikukushtaki," Bibi alisema. "Niliuliza."

"Ofisini hawaulizi, mama. Ofisini wanashtaki. Ungeniuliza mimi."

"Nilikuuliza wewe kwanza."

Meneja alizunguka meza, akarudi. "Mtu anatoka kwangu, na viatu nilivyomnunulia, anapanga foleni kwenda kunishtaki. Nikawaeleze nini watu?"

Shemeji hakupaza sauti. Alikuwa amekaa, ameegemeza mkono wenye alama za moto kwenye magoti, na hilo lilikuwa zito kuliko kelele. "Mama, kuna kitu tumekunyima humu ndani?"

"Hapana, mwanangu. Mungu ni shahidi."

"Basi ilikuwa nini?"

Bibi alitaka kuwaeleza habari ya mchukuzi. Lakini Meneja alikuwa ameshashika karatasi na anaongea juu yake. Alikuwa ametoka ofisini mchana huo huo. Karani alimwambia shauri linaweza kufutwa, ila mlalamikaji afike mwenyewe aseme mbele ya afisa kwamba malalamiko yake si ya kweli.

"Si ya kweli kivipi?" Bibi aliuliza. "Tunauza, hatuuzi?"

"Tunauza."

"Sasa nitasemaje?"

"Ni neno moja tu, mama. Unasema, unapigiwa mhuri, tunarudi kupika."

"Neno moja ndilo ninalosali nalo, baba. Nikilitumia kule, huku nitakuja na lipi?"

Meneja akageukia ukuta. Ni Shemeji aliyepata njia, kwa kuwa ndiye aliyezoea kugawa nyama kidogo ikatosha sahani nyingi. "Asiseme uongo," alimwambia mumewe. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mama, wewe umewahi kutozwa maji hapa?"

"Mimi? Hapana."

"Huo ni ukweli?"

"Ni ukweli mtupu."

"Basi watakuuliza kama ulitozwa, maana mlalamikaji lazima awe ametozwa. Utasema hapana, na utaishia hapo. Si uongo. Ni kunyamaza tu."

Bibi aliyaangalia mabega ya mwanawe, yaliyokuwa yameinama kama ya baba yake alipokuwa mgonjwa. Akasema, "Nimekusikia." Wote wawili walilichukua neno hilo kama ahadi.

*

Siku zilizofuata hawakumkemea tena. Walimtunza, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Asubuhi alipokwenda kaunta alimkuta Meneja ameshakaa. "Pumzika, mama." Alipofuata ungo wa maharage, Shemeji aliuvuta kwa upole. "Pumzika, mama, nitachambua mwenyewe." Chakula kililetwa chumbani kwenye sinia, na kitambaa juu, na kijiko kimelala upande wa kulia. Mtu aliyekuwa akila jikoni juu ya kigoda, huku akionja na kulalamika kuhusu chumvi, sasa alihudumiwa kama mgeni ambaye siku yake ya kuondoka haijulikani.

Alikaa na mikono mitupu mapajani. Kupitia ukutani alisikia ukumbi: vijiko, viti, Randa akidai kwamba kila mtu sasa akiagiza wali anatazama kwanza kama Bibi hayupo. Watu walicheka. Meneja hakucheka.

Alisali sana siku hizo, lakini sala zilikuwa fupi na za kukatika. Hakuomba ashinde. Aliomba aambiwe. Aliwaza: kama wanafunga mgahawa, huyu mtoto ataanza wapi, na kichwa chake kimeshaanza mvi. Kisha aliona vidole viwili vikiisogeza glasi, akaanza upya.

Ukumbini mambo yalikuwa yanayumba. Habari zilitembea kwamba leseni imezuiwa, na muuza nyama akaanza kutaka malipo kabla ya kushusha mzigo. Shemeji alipunguza sufuria moja ya wali, kisha nyingine. Siku moja alimwambia mumewe, huku anasugua jiko ambalo lilikuwa safi tayari, "Akibadilisha maneno kule, mimi sijui nitakaa naye vipi. Nakwambia mapema. Sijui."

"Hatabadilisha."

"Wewe humjui mama yako."

"Namjua," Meneja alisema, na ndipo hofu ikamwingia.

*

Afisa leseni alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Chumba kilikuwa na feni isiyozunguka na makabati yaliyojaa mafaili mpaka milango haikufunga. Juu ya meza yake palikuwa na chupa ya maji ya dukani, nusu.

Meneja na mkewe walikaa kwenye benchi. Bibi alisimama, ingawa aliambiwa akae.

"Wewe ndiye mlalamikaji?"

"Wanasema hivyo."

Afisa alimtazama juu ya miwani. "Ulitozwa kwa maji ya bomba katika mgahawa huu?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Mimi nakaa pale pale. Sijawahi kutozwa."

Afisa alishusha pumzi ya mtu aliyepunguziwa kazi. "Basi hakuna shauri. Mlalamikaji hakutozwa." Akavuta kidau cha wino kuelekea kwake. Kwenye benchi Meneja alifumba macho, na mkewe, bila kumtazama, akamshika mkono. Walikuwa hawajashikana mikono tangu bili ile.

Mhuri uliinuliwa. Bibi alikuwa bado amesimama.

"Tumemaliza, mama. Nenda tu."

"Bado sijajibiwa," Bibi alisema.

"Ujibiwe nini sasa? Hukutozwa."

"Sikutozwa. Mimi nilitoza."

Shemeji aliuachia mkono wa mumewe.

"Alikuja mtu mzima, mchukuzi," Bibi alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kama anavyosema chumbani kwake. "Alikula wali kwetu, akaulipia wote. Mkwe wangu anaweka pilipili ya kutosha, ndiyo watu wanaipenda. Akaniomba maji. Nikamwekea glasi mkononi, halafu nikamtajia bei. Hakuwa nayo. Akairudisha imejaa, akaniomba mimi radhi. Ile kiu tulimpa sisi. Ilitoka kwenye sahani yetu. Mwanangu hakuwepo, wala mkwe wangu hakuniona. Kama kuna mtu wa kufungiwa, mfungieni aliyeshika glasi. Lakini kwanza naomba mnijibu. Ilikuwa inaruhusiwa?"

Meneja alikuwa anamtazama mama yake kana kwamba amemkuta barabarani akiwa na mzigo ambao yeye ndiye aliyemtwisha.

Afisa aliweka mhuri chini. "Mama, mimi hapa ni mtu wa siku nyingi," alisema. "Watu wanakuja kuuliza faini ni kiasi gani. Hilo lako hakuna aliyewahi kuliuliza." Akatoa kitabu cha sheria ndogo kwenye droo, akalamba kidole, akafunua. Akafunua tena. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, wakainamia kitabu pamoja, wakabishana kwa kunong'ona. Yule mwenzake akaenda zake akitikisa kichwa.

"Haya," afisa alisema hatimaye. "Sheria inataja chakula na kinywaji kinachouzwa. Maji ya bomba haikuyataja kwa jina. Haikuyakataza. Ila inasema chochote mnachouza, bei yake iandikwe mahali pa wazi, na iwe bei moja kwa kila mtu." Akamgeukia Meneja. "Mlikuwa mmeandika?"

"Hapana."

"Mlikuwa mnatoza kila mtu sawa?"

Meneja alimtazama mkewe. Mkewe aliangalia feni.

"Hapana."

"Hilo ndilo kosa lenu. Kutoza si kosa. Kosa ni kutoza kwa kificho. Andikeni leo, nitapita kuona. Leseni nawapa." Mhuri ukashuka. Kisha, kana kwamba jambo fulani bado lilimkera, afisa akamuuliza Bibi, "Umeridhika, mama?"

Bibi alifikiri. "Nimejibiwa," alisema.

*

Shemeji alitangulia kurudi kuwasha jiko. Mama na mwana walitembea pamoja, ila Meneja alikuwa hatua chache mbele, akipunguza mwendo kila mara halafu akijisahau.

"Habari ya mchukuzi mbona hukuniambia?" aliuliza bila kugeuka.

"Ulikuwa umeshika karatasi."

Walipita mafundi wa pikipiki, wakapita duka la mabati.

"Alikuwa anapiga mhuri, mama. Ungenyamaza pumzi moja tu. Wangetufungia."

"Nilijua."

"Na ungefanyaje?"

"Ningekaa na njaa pamoja na ninyi."

Meneja alitaka kukasirika. Akamshika mkono mama yake wavuke barabara, kwa kuwa malori yalikuwa mengi, na walipofika upande wa pili alisahau kuuachia mpaka mlangoni.

*

Ubao wa bei ulikuwa ukutani karibu na kaunta. Jioni hiyo ukumbi ulijaa. Watu walisikia leseni imetoka, na wengine walikuja ili wasikie Bibi alisema nini. Meneja alisimama juu ya kiti na chaki. Chini ya wali, maharage, nyama, chai na soda, akaandika: Maji ya bomba. Akaweka bei, sarafu moja.

Randa alisoma kwa sauti, kama anayesoma habari za msiba. "Bei moja kwa kila mtu. Hata mimi?"

"Hata wewe," Shemeji alisema kutoka jikoni.

"Mimi niliyetengeneza hiyo meza?"

"Meza ulilipwa."

"Nililipwa nusu, nusu nilikula wali. Na ule wali ulikuwa na kiu ndani."

"Ofisi ndiyo inayosema, Randa. Kila mtu. Siwezi kuangalia uso tena."

Mtu mmoja aliuliza kama kupiga mswaki ni bei ile ile. Mwingine akataka kujua nusu glasi ni kiasi gani. Lakini kicheko hakikushika. Kabla ya hapo, aliyesamehewa alijiona wa nyumbani, na aliyetozwa hakujua kwamba mwenzake hakutozwa. Sasa wote walijua, na wote walikuwa wageni. Watu walikula. Jagi lilisimama kwenye kaunta, limejaa, na hakuna aliyeliangalia. Mmoja alipaliwa, akajipigapiga kifua mpaka ikapita.

Ndipo Bibi alipotoka chumbani. Alikuja taratibu mpaka kaunta, akafungua fundo la leso yake, akatoa sarafu, akaiweka mbele ya mwanawe.

"Naomba maji, baba."

"Mama, rudisha hela yako."

"Imeandikwa kila mtu."

"Unanikomoa."

"Sikukomoi. Nimekwenda mwenyewe kuuliza, nimejibiwa. Nisipoyafuata majibu, nilikwenda kufanya nini?"

Hakukuwa na kejeli usoni mwake, na Meneja alijua, kwa maana aliitafuta kejeli hapo kwa muda mrefu. Ukumbi uliacha kutafuna. Akachukua glasi, akajaza, akampa. Akaichukua sarafu, kwa kuwa mkono wa mama yake ulikuwa bado umeisukuma kwake na haukurudi. Bibi alikunywa akiwa amesimama, mpaka tone la mwisho. Akaiweka glasi kwenye sinia, kinywa chini. "Ahsante," alisema, akarudi chumbani.

Meneja alibaki ameshika sarafu. Droo ilikuwa wazi mbele yake.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na yote ameyaona. Aliitazama ile sarafu, akautazama ukumbi wake, watu wake wote wanameza kwa shida chakula alichokipika yeye.

"Futa," alisema.

"Si wewe uliyesema—"

"Najua nilichosema. Futa."

"Na bili?"

Shemeji alifunga macho, akahesabu kitu kichwani, akafungua. "Pandisha chai."

Ukumbi mzima ulilipuka. Chai tena, na sukari yenyewe mnatupimia kama dawa. Randa aliapa kuhamia mgahawa mwingine, akataja mpaka jina la barabara. Meneja alipanda kiti, akafuta mstari wa maji kwa kiganja, kisha akaisahihisha chai kwa chaki ile ile huku akitukanwa na kila meza. Na wakati kelele zilipokuwa juu kabisa, Randa, bila kuacha kulalamika, alinyoosha mkono akavuta jagi, akajimiminia, akampasia aliyekuwa jirani yake.

Meneja alishuka na kwenda kugonga mlango wa mama yake. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa amekielekeza ukutani, anasikiliza.

"Wanagombana nini?"

"Chai. Tumepandisha. Maji tumeyaacha." Akamnyooshea sarafu. "Shika hii."

Bibi aliitazama, lakini hakunyoosha mkono.

"Hapana, baba. Hiyo ni yako. Nilinunua, nikanywa."

"Mama, nimeshafuta."

"Nimesikia. Umefanya vizuri, Mungu akubariki. Lakini mimi nimeshakunywa."

Meneja alisimama kidogo mlangoni, sarafu ikipata joto mkononi mwake. Kisha Bibi akainuka, akampita, akaenda jikoni kutafuta ungo wa maharage, na Shemeji akamsogezea kigoda kwa mguu.